Hata Jemadari Alikuwa Anaanguka

Salima mwanangu,

Sasa hivi umetoka hapa nilipokaa. Ndugu yako mdogo alikuja mbio, kaptula imemshuka mpaka magotini, na kabla sijaweka kalamu chini wewe ulikuwa umekwisha kupiga goti mbele yake. Ukashika ncha moja ya kamba kwa mkono wa kushoto, ncha ya pili ukaiuma kwa meno, ukavuta, ukazungusha, ukafunga. Ukampiga kofi dogo la matako na kumwambia, "Nenda, mukubwa, umeshavaa." Naye akaenda. Hukuniangalia. Nafikiri ulidhani naandika orodha ya vitu vya kubeba.

Siandiki orodha. Habari ya sabuni, ya kuamkia watu, ya kutolala mchana kwa nyumba ya wenyewe, nyanya yako amekueleza tangu juzi, na shangazi yako wa Kasongo atakueleza upya kwa njia yake. Mimi nimechana karatasi za katikati ya kaye yangu, lile daftari unalolijua, sababu iko maneno ambayo nikikutazama usoni hayatoki. Wewe unasoma vizuri kunipita. Mimi niliacha masomo mwaka wa kwanza wa sekondari, mimba yako ilipoanza kuonekana chini ya iniforme. Usisome njiani. Utasoma ukifika.

Jua bado liko juu ya migomba. Motari, huyu mwenye pikipiki atakayekubeba kesho, ametuma neno kwamba atapita jioni hii kuona mzigo. Na toka asubuhi mimi na nyanya yako tunabishana kwa sauti ya chini. Wewe ukiingia tunanyamaza, tunajifanya tunachagua mchele. Nakwambia sasa tunachobishania. Tunabishana kama motari aambiwe una kifafa, au asiambiwe.

Yule wa kwanza, wiki iliyopita, nilimwambia. Wewe ulikuwa mtoni. Nilimwambia mtoto huyu anaanguka, inaweza kumpata njiani, kwa hiyo nitamfunga mgongoni kwako kwa kitenge, na ukisikia anatetemeka usimame, umlaze, ungoje. Alikuwa amekwisha kukubali kila kitu. Akaangalia kitenge mkononi mwangu, akaangalia mgongo wake mwenyewe, kama mtu anaweza kuangalia mgongo wake.

"Mama Salima," alisema, "miye natafuta chakula ya watoto. Hiyo povu ikinipata ku shingo, nani atawalisha?"

Akawasha pikipiki. Hakuwa mtu mbaya. Alirudi hatua kadhaa akaniambia pole, halafu akaenda.

Huyu wa sasa anatoka mbali, anapeleka vitu kwa wachimba dhahabu, hatujui. Nyanya yako anasema ndiyo bahati yetu. "Funga mudomo," ananiambia. "Mwambie mutoto anasinziaka ku pikipiki, ndiyo maana tunamufunga. Akishafika naye katikati ya pori, atamushusha wapi?"

Swali hilo yeye analiuliza kama jibu. Mimi ndilo linaninyima usingizi. Atamshusha wapi? Atamshusha palepale. Nimewaona watu wakifanya hivyo, Salima, mchana kweupe, siku ya soko pale Kabambare. Mtu mzima alianguka kati ya watu, na uwanja ukatanuka kumzunguka kama maji yanavyotanuka ukitupa jiwe. Mama mmoja aliacha karanga zake chini, akakimbia. Kutoka hapa mpaka Kasongo ni siku mbili kama daraja za miti hazijachukuliwa, na sehemu kubwa hakuna hata moshi wa jiko. Motari asiyejua, akisikia mwili unaruka nyuma yake, atakata kitenge kwa kisu, atakuweka kwenye majani, na atasema kwao aliona shetani.

Na nikimwambia akakataa, hakuna wa tatu. Mvua imeanza. Ndani ya kikopo vimebaki vidonge vya siku tisa, na kwenye kituo chetu cha afya havijafika tangu kabla ya mfungo; Kasongo kwa shangazi yako viko. Vikiisha ghafla, muganga wa kituo amesema, utaanguka kuliko zamani. Basi nimekaa hapa kati ya mambo mawili, na kila moja lina meno.

Nakumbuka tulivyoanza habari ya watu wakubwa wa kitabuni. Ulikuwa na miaka saba. Tulikuwa tumepewa kikopo cha kwanza, na muganga alikuwa amenieleza kwamba dawa hii haiondoi ugonjwa, inauzuia tu, na kwamba utaimeza labda maisha yote. Nilikaa kwenye benchi lake nikalia bila sauti. Yule mzee, miwani imefungwa kwa uzi sikioni, alinitazama, akavuta kitabu chake kinene cha kifaransa ambacho mchwa walikwisha kula jalada.

"Mama, unalia nini? Iko jemadari wa Roma, zamani sana, mutu alishinda mataifa. Alikuwa na upara, anauficha kwa taji ya majani. Na alikuwa anaanguka sawa hii mutoto."

"Anaanguka mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Na walimufanya nini?"

Muganga alisogeza kitabu karibu na pua. Alitafuta mstari kwa kidole. "Kitabu hakisemi," alisema. "Kinasema aliamuka, akaendelea na kazi."

Nilirudi nyumbani na jemadari huyo kama mtu aliyepewa nyama. Nilikusimulia njia nzima. Ukaniuliza kama yeye pia alikuwa anakojoa akianguka. Nikasema bila shaka, ndani ya nguo zake za vita. Ulicheka mpaka ukakaa chini njiani.

Toka siku ile, kila mwezi tukienda kuchukua vidonge, mzee alifungua ukurasa mmoja, mimi nikaandika kwenye kaye. Tulimpata Mjerumani fundi wa muziki ambaye masikio yake yalikufa akaendelea kutunga. Siku ya muziki wake mkubwa kuliko yote, watu walipiga makofi nyuma yake, yeye bado anaangalia makaratasi, hasikii kitu, mpaka mwimbaji mmoja mwanamke akamshika akamgeuza awaone. Tulimpata yule Mzungu mzee msafiri, aliyelala hapahapa Kabambare miezi kwa miezi na vidonda vya miguu, wakimsagia jiwe la kijani na kumpaka kwa unyoya. Huyo ulimpenda sababu alikuwa wa kwetu. Alipopata nguvu kidogo alikwenda Nyangwe kuomba mitumbwi avuke Lualaba, hakupewa.

"Alikuwa anatafuta nini huku?" uliniuliza.

"Chanzo cha mto."

"Si angeuliza?"

Na siku nyingine, ukiwa umechoka na wakubwa wangu, ulisema, "Mama, watu wakubwa wote walikuwa wagonjwa? Wazima walikuwa wanafanya kazi gani?" Nikakwambia wazima walikuwa wanalima.

Nilikuwa nafurahi, Salima. Nilikuwa nadhani nakujengea nyumba kwa watu hao, mmoja baada ya mmoja, kama matofali.

Sasa nisikilize. Yule Mzungu wa vidonda aliibiwa sanduku la dawa. Mpagazi wake alikimbia nalo porini, na tangu siku hiyo mzee alijiona kama mtu aliyekwisha kukatiwa hukumu ya kufa. Nilipokusimulia ulimlaani mwizi kwa lugha ya Kizimba, maneno ambayo sijui nani alikufundisha. Mimi nilicheka pamoja nawe. Lakini mimi sikuibiwa sanduku na mtu. Nililifunga mwenyewe.

Vidonge vilikuwa vinafanya kazi. Mwaka mzima hukuanguka. Wanawake wakaanza kukuruhusu ucheze na watoto wao, na mwalimu akakurudisha darasani, ukakaa benchi la mbele. Nami nikafanya hesabu ya mtu wa mpunga. Unajua sisi tulivyolelewa. Nyumba inayokula mbegu zake imekwisha. Mbegu haziliwi hata na aliye na njaa. Mfuko wa mbegu unaning'inia juu ya jiko, moshi unaulinda na wadudu, na hakuna mtoto anayethubutu kuugusa. Nikaona mtoto wangu ni mzima, na vidonge ni vitu adimu, leo viko, kesho haviko. Nikaanza kuvificha ndani ya mfuko wa mbegu. Nilikupa kimoja tu nikiona jicho lako limegeuka kidogo, au umeamka na kichwa kizito. Muganga akiniuliza, nilimjibu, "Anameza, mzee, kila siku." Nilijivuna. Nilikuwa na kikopo kizima na nusu juu ya moto, na nikilala nilikuwa najiambia, siku mbaya ikija, itanikuta nimejiandaa.

Siku mbaya niliileta mimi. Dawa ile si mbegu. Muganga alinieleza baadaye, bila kunigombeza, na nilitamani anigombeze. Ni kama mti unaoshikilia nyumba, alisema. Huwezi kuung'oa ukauweka pembeni usubiri upepo.

Ile asubuhi ya moto unaikumbuka nusu tu, na nusu ile nyingine umeipata kwetu. Umewaambia watoto wa shangazi, umemwambia muganga, umemwambia hata yule motari wa kwanza, siku aliyotangulia kuja, alipokuuliza habari ya mkono: "Nilianguka ku moto, mama akanitoa."

Siyo mimi niliyekutoa.

Nilikuwa na mimba ya ndugu yako, miezi saba. Nyanya yako alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya mihogo. Uliinama kusogeza kuni, na nikasikia ile sauti unayotoa kabla ya kuanguka. Ukaanguka na mkono wa kulia chini yako, ndani ya makaa. Mimi nilikuwa mlangoni. Hatua nne, labda tano. Povu lilikuwa limeanza kutoka mdomoni mwako. Na wanawake walikuwa wamekwisha kunitia maneno: mwenye mimba akigusa povu la kifafa, anachozaa kitaanguka pia. Nilikuwa nimewacheka nilipoyasikia, mimi niliyekuwa na kaye ya wakubwa. Lakini siku ile miguu yangu haikucheka. Niliweka mikono miwili juu ya tumbo, nikasimama.

Sijui ni muda gani. Nilimeza mate. Nikameza tena. Nilinusa, Salima, na bado nilikuwa nimesimama.

Nyanya yako aliingia kutoka nyuma, akanisukuma pembeni. Hata yeye hakukugusa kwa mkono. Aliogopa kama mimi. Alichukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta, akaligeuza, akapitisha mpini ndani ya gauni lako, akavuta. Mara ya kwanza gauni likachanika. Akavuta tena. Alikuburuta mpaka uani, akakumwagia maji ya sombe kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Kisha akaniangalia. Miaka mitatu hii hajasema kitu.

Na ulipozinduka, ukauliza kwa ile sauti yako ya usingizi nani amekutoa, mimi nilifungua mdomo bila kujua nitasema nini, na yeye ndiye aliyejibu. "Mama yako," alisema.

Kwa hiyo usimchukie nyanya yako akiniambia nimdanganye motari. Kwake yeye kunyamaza ni blanketi; anafunika nalo kila mtu anayempenda. Mimi amenifunika miaka mitatu. Nimelala joto chini ya uongo wake, na kila ukisema "mama akanitoa" nilijisikia kama nimevaa nguo ya mtu mwingine mbele ya mwenyewe. Mfuko wenye kikopo changu ulikuwa unaning'inia juu ya moto uleule. Walipokubeba kwenda kituoni niliinua kichwa nikauona.

Mkono ulipopona ulikuwa kama unavyouona, vidole vimeshikana, kiganja hakifunguki. Ukaniomba mkubwa mwenye mkono mmoja. Ulikuwa umelala, uso ukutani. "Mama, waulize mu kitabu. Mwenye mukono moja tu." Nilikwenda kwa muganga, tukapitia ukurasa baada ya ukurasa. Viziwi tulipata, vipofu tulipata, wenye ndui, wenye kifua kikuu, mfalme mwenye ugonjwa wa vidole vya miguu sababu ya kula nyama nyingi. Mwenye mkono ulioungua hatukupata. Nilirudi mikono mitupu, na mahali fulani kati ya mto na mashamba ya mihogo nikamtunga malkia.

Yule malkia wa kisiwani, aliyeungua utotoni, aliyetawala kwa mkono wa kushoto na kufunga kilemba chake kwa meno, hayuko. Hajawahi kuwako. Hayumo ndani ya kitabu chochote. Ulimwamini hata ukamwongezea mambo mwenyewe, ukasema alikuwa na mbwa. Siku nzima ulikaa na kamba, mguu wa kiti ukiwa kilemba, ukiuma na kuvuta na kutukana, mpaka ukaweza. Uongo wangu ndio uliokufundisha kumfunga kaptula ndugu yako. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Nimelifikiri sana. Labda wewe ukikua utajua.

Iko mwingine ambaye yumo kwenye kaye lakini sikukusimulia. Niliruka ukurasa. Huyo ni malkia wa kweli, wa Urusi, alikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyengojewa na nchi nzima. Mtoto akijigonga kidogo tu, damu inavuja ndani, haikomi. Mama yake akaamua watu wasijue. Akamficha. Akatokea mtu mmoja wa maombi, mwenye ndevu ndefu, mtoto akapata nafuu akiwa karibu, na malkia akamshikilia mtu huyo kuliko mume na kuliko wakubwa wote. Watu wa nchi hawakujua mtoto anaumwa. Waliona tu malkia na yule mtu wa ndevu, wakasema maneno machafu, wakamchukia. Mwisho wao ulikuwa mbaya. Mama, baba, mabinti, na mtoto mwenyewe, wote, siku moja.

Nilimwuliza muganga, "Angesema ukweli, watu wangemuhurumia?"

Alifunga kitabu. "Labda, mama. Labda wangesema mufalme mugonjwa hatumutaki. Hakuna mutu anajua."

Ndiyo maana sikukusimulia. Nilikuwa natafuta hadithi zenye mwisho. Lakini siku hizi usiku mwanamke huyo ndiye ninayemfikiria, si jemadari. Alikuwa na walinzi, na manyumba, na waganga wa kila aina, na siri bado ilimshinda. Mimi nina kitenge.

Nimeona kitu kingine pia nikizisoma upya hizi karatasi. Kila mara nilikuwa nakuonyesha yule anayeanguka. Sikukuonyesha aliyesimama karibu naye. Jemadari alipoanguka kuna mtu alimfuta mdomo, kitabu hakikumwandika. Kuna mtu alisaga lile jiwe la kijani, akaloweka unyoya, akashika mguu unaonuka. Yule mwimbaji aliyemgeuza kiziwi ndiye peke yake aliyeandikwa, na jina lake muganga hakulitaja. Watu hawa wangekuwa wamesimama mlangoni na mikono tumboni, tusingekuwa na wakubwa wa kusimulia.

Sitakudanganya, nimekwisha kukudanganya vya kutosha. Sioni mbele penye mwanga mwingi. Kasongo vidonge viko leo. Kesho vinaweza kukosekana huko pia, kama huku. Mkono hautafunguka. Shule ya shangazi yako wanaweza kukupokea wiki mbili, halafu uanguke mara moja darasani, waseme mtoto akae nyumbani kwanza. Shangazi nilimwambia kila kitu, yeye simfichi, na alijibu, "Mulete, tutaona." Nimeligeuza neno hilo "tutaona" pande zote na sijapata upande wenye nguvu. Baba yako yuko machimboni mwaka wa pili bila habari, na mimi nina ndugu yako na shamba, pikipiki haitubebi wote. Sitakuja karibuni. Labda sitakuja.

Na bado mimi ni mtu wa ajabu. Jana nilikaa nikakushonea mfuko wa madaftari kutoka gunia la mchele, nikaweka na kifungo. Nyanya yako aliniangalia akasema, "Shule gani?" Niliendelea kushona.

Kitu kimoja nimekifanya vizuri, nataka ukijue kutoka kwangu, sababu wewe ulikuwa hujitambui. Baada ya ndugu yako kuzaliwa, ulianguka pale kisimani. Nilikuwa namnyonyesha. Wanawake wakaondoa ndoo zao. Nilipiga magoti na mtoto kwenye titi, nikakugeuza ubavu, nikafuta povu kwa kiganja changu, nikafuta tena. Mama mmoja aliniita kwa mbali, "Mama Salima, nawa, fikiria huyo mudogo." Sikunawa. Niliendelea kumnyonyesha, na kwa mkono uleule nikamfuta yeye maziwa kidevuni. Nilikuwa natetemeka kama wewe. Usifikiri niliacha kuogopa; niligusa nikiwa naogopa. Leo anakimbia na kaptula imeshuka, ana miaka mitatu karibu, hajaanguka hata siku moja ila kwa utundu. Povu ni mate, Salima. Niliyaogopa mate ya mtoto wangu.

Hilo ndilo nitakalompelekea motari. Sina pesa ya kumlainisha, wala sitamsimulia habari ya Roma. Nitamletea ndugu yako, nimsimamishe mbele yake, nimwambie, angalia huyu. Nitamwambia mtoto wa safari ana kifafa, na jina hilo nitalisema lote, si kusinzia, si kizunguzungu. Akikubali akiwa anajua, basi ukitetemeka mgongoni kwake kutakuwa na mtu mmoja pori zima anayejua ni nini. Asiyejua hawezi kukushika, hata akiwa na moyo wa dhahabu. Huo ndio upande wangu kwenye ubishi huu. Nyanya yako anasema nakupokonya safari kwa mdomo wangu. Inawezekana. Kama ni hivyo, hilo nalo liandikwe pamoja na kikopo.

Nasikia pikipiki chini kwenye kona ya kanisa. Inapanda. Wewe umetoka jikoni, umesimama nje na valizi yako ya nguo miguuni kama vile safari ni sasa hivi, nyanya yako anakuvuta uingie ndani usionekane mkono.

Imezimwa. Mwanamume anaamkia, sauti ya mtu aliyechoka na njia. Anasema mzigo ni mdogo, mzuri. Anauliza, "Na huyu mutoto, anaweza safari? Eko muzima?"

Nyanya yako anasema, "Ngoja, mama yake anakuja." Sasa ananiita, "Mama Salima." Ananiita tena. Sauti yake siyo ya kunikataza. Salima, nakwenda. Akikubali, utasoma haya Kasongo mimi nikiwa mbali, na utanikasirikia unavyotaka. Akikataa, utayasoma hapahapa, nimekaa mbele yako, na usiniruhusu niondoke mpaka